Kilomita 400 za nani? Historia ya namba inayouza gari la umeme

Chukua gari moja tu: Nissan Leaf ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017 na betri ya kilowati-saa 40. Japani waliipa kilomita 400 kwa chaji moja. Ulaya, kwa kipimo chao cha zamani, ikapewa 378. Ulaya hiyo hiyo, kwa kipimo kipya, 270. Marekani ikapewa maili 151, yaani kama kilomita 243. Gari ni lile lile, betri ni ile ile, hakuna aliyeongeza wala kupunguza hata nati moja.

Sasa wewe uko Nairobi, umeingia yadi, na muuzaji anakwambia, "Hii inafika mia nne bila stress." Huyo si lazima awe mwongo, pengine ameisoma hivyo kwenye karatasi ya Kijapani. Lakini ukiitoa kwa barabara ya Mombasa na ukanyage 110, hiyo mia nne utaisikia tu kwa redio. Tofauti ya 400 na 243 ni kilomita 157. Hiyo ni safari nzima ya Nairobi hadi Nakuru, imepotea katikati ya karatasi mbili. Na kama umechukua mkopo wa sacco kununua hilo gari ili uanze biashara ya kubeba watu, unaelewa kwamba hapa hatuzungumzii hesabu za shule.

Watu wengi wakiona namba nne za gari moja wanasema, "Makampuni yanatudanganya." Mimi nadhani historia yenyewe inavutia kuliko hiyo. Kila namba hapo ni ya kweli kwa spidi iliyopimiwa. Swali ni nani alichagua spidi hiyo, lini, na kwa sababu gani.

Tuanze mbali kidogo. Wengi hawajui kwamba gari la kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Majira ya baridi ya 1898 kuingia 1899, wanaume wawili walikuwa wanashindana huko Achères, karibu na Paris. Mmoja alikuwa Mfaransa, Gaston de Chasseloup-Laubat, na mwingine Mbelgiji, Camille Jenatzy, na wote waliendesha magari ya umeme. Desemba 1898 Chasseloup-Laubat aliweka rekodi ya kilomita 63.15 kwa saa. Januari Jenatzy akamzidi, na siku hiyo hiyo Mfaransa akairudisha rekodi kwake. Wakaendelea hivyo mpaka tarehe 29 Aprili 1899, Jenatzy alipofika kilomita 105.88 kwa saa na gari lake lililoitwa La Jamais Contente, maana yake asiyeridhika kamwe.

Tafuta picha ya hilo gari. Mwili wake umechongwa kama kombora, kuonyesha kwamba tayari walijua adui yao ni hewa. Halafu juu ya kombora amekaa Jenatzy mwenyewe, kifua chote nje, kama mtu amepanda ngamia. Chini, magurudumu na vyuma vyote viko wazi. Yaani walichonga mwili ukate hewa, halafu wakaweka ukuta wa binadamu juu yake.

Kilichopimwa siku hiyo ni kilomita moja na saa ya mkononi. Swali la gari lilikula umeme kiasi gani kwa spidi hiyo halikuwa la muhimu, kwa sababu mbio ziliisha kabla betri haijalalamika.

Miaka kumi na kitu baadaye mambo yakageuka. Marekani kulikuwa na magari ya umeme yanayouzwa kwa watu wa mjini, na moja maarufu lilikuwa Detroit Electric. Katika jaribio moja, gari hilo lilisemekana kwenda maili 211.3 kwa chaji moja, yaani kilomita 340. Ukisikia hivyo unashangaa: zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kilomita 340! Kumbe spidi ya juu ya gari hilo ilikuwa maili 20 kwa saa hivi, kilomita 32. Kwa mwendo huo hewa ni kama haipo. Kwa hiyo tayari mwanzoni mwa karne iliyopita tulikuwa na namba za aina mbili: moja ya spidi isiyotaja umbali, na nyingine ya umbali isiyotaja spidi. Tabia hiyo haijaisha mpaka leo.

Hebu nieleze hili la hewa vizuri, kwa sababu bila hilo mengine yote hayaeleweki. Gari likiwa barabarani linapigana na vitu viwili vikubwa. Kuna matairi yanayobonyea na kusuguana na lami, na kuna hewa unayoisukuma mbele. Matairi hayajali sana spidi yako. Yanakutoza karibu ada ile ile kwa kila kilomita. Hewa ndiyo yenye kisirani. Ukiongeza spidi mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Na kwa kuwa sasa unazipita hizo mita kwa nusu ya muda, mota inatakiwa itoe nguvu mara nane dhidi ya hewa hiyo. Si lazima hata uongeze mara mbili. Toka 80, ambayo ndiyo spidi ya matatu yenye kidhibiti mwendo tangu zile sheria za Michuki za 2004, uende 110. Upinzani wa hewa kwa kila kilomita unakaribia kuwa mara mbili.

Mbona basi petroli haikutufundisha haya? Kwa sababu injini ya petroli ni mbadhirifu kila mahali, na mjini inabadhiri zaidi. Kwenye foleni inanguruma bure, inachoma mafuta ikiwa imesimama. Ikitoka nje ya mji inapata kazi inayoifaa, ndiyo maana tumelelewa tukiambiwa safari ndefu inakula kidogo. Gari la umeme ni kinyume. Kwenye foleni halichomi karibu kitu, na ukikanyaga breki sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Barabara kuu hakuna breki za kurudisha kitu, ni hewa tu inakula.

Na tanki ni dogo mno. Wamarekani wanahesabu galoni moja ya petroli kuwa sawa na kilowati-saa 33.7, ambayo ni kama 8.9 kwa lita. Sasa gawanya betri yote ya hiyo Leaf, kilowati-saa 40, kwa 8.9. Unapata lita nne na nusu. Gari zima linasafiri na nishati ya kidumu cha lita tano ambacho hakijajaa! Kwamba linafika kilomita 243 na hicho kidumu ni maajabu, mimi sibishi. Lakini ukiwa na kidumu, kila kosa la hesabu linauma, na mwenye tanki la lita 40 hata hataligundua.

Sasa turudi kwenye historia, maana namba tunazozitumia leo zilizaliwa kwenye shida ya mafuta. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilikatia Marekani mafuta. Januari 1974 Rais Nixon alitia saini sheria ya kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, kwenye barabara kuu za nchi nzima. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo shirika lao la mazingira, EPA, lilitengeneza kipimo cha matumizi ya mafuta kwenye barabara kuu. Gari linawekwa juu ya rola ndani ya maabara, na dereva anafuata mchoro wa spidi kwenye skrini. Spidi ya juu kabisa kwenye mchoro huo ni maili 60, na wastani ni maili 48 kwa saa, yaani kilomita 78 hivi. Wakaita hiyo "barabara kuu". Na kwa Marekani ya wakati ule, yenye kikomo cha 55, haikuwa mbali na ukweli.

Lakini rola hazina upepo. Gari limesimama pale pale, hewa haisukumwi. Kwa hiyo rola lazima ziambiwe ziwe nzito kiasi gani. Hapo kuna kazi moja ninayoipenda sana kwa urahisi wake: gari linapelekwa kwenye barabara iliyonyooka, linafikishwa spidi ya juu kama 115, gia inawekwa frii, na linaachwa litembee lenyewe mpaka lipungue hadi kama 15, huku spidi ikirekodiwa kila sekunde. Jinsi linavyopunguza mwendo inakuambia hewa na matairi vinalivuta kiasi gani. Namba hizo ndizo zinaingizwa kwenye rola. Ukikosea hapo, kila kitu kinachofuata ni kosa lililopambwa. Waulize Hyundai na Kia: mwaka 2012 walikiri kwamba namba zao za matumizi ya mafuta huko Marekani zilizidishwa, chanzo kikiwa kipimo hiki cha kuacha gari litembee lenyewe, na mwaka 2014 wakakubali faini ya dola milioni 100. Hayo yalikuwa magari ya petroli, ila magari ya umeme yanapita kwenye mlango huo huo.

Kikomo cha Nixon kilifutwa mwaka 1995. Wamarekani wakarudi kwenye maili 70 na 75. Kipimo kikabaki kwenye miaka ya sabini, kikipunguzwa tu kwa asilimia fulani ili kikaribie ukweli. Ni kuanzia magari ya mwaka 2008 ndipo EPA ilipoongeza majaribio mengine, likiwemo moja linalofika maili 80 kwa saa. Hata hivyo kampuni ya gari la umeme ina ruhusa ya kufanya yale majaribio mawili ya zamani tu, halafu kuzidisha jibu kwa 0.7 na kuendelea na maisha. Umeona? Badala ya kupima barabara kuu, unapima barabara kuu ya mwaka 1974 na kukata asilimia 30. Tesla Model S ya 2012 ndiyo mfano mzuri: kwa majaribio mawili ya zamani ilipata maili 320, kwa majaribio matano, 265.

Wajapani na Wazungu wa Ulaya nao walikuwa na spidi zao. Kipimo cha Japani kilichoipa Leaf 400, kinachoitwa JC08, kina spidi ya juu ya kilomita 81.6 na wastani wa 24.4 kwa saa. Hiyo ni Tokyo yenye taa kila kona. Ni Thika Road saa kumi na mbili jioni. Kile cha zamani cha Ulaya kiligusa 120 kwa sekunde chache, lakini wastani wake ulikuwa kama 34. Kipya, kilichoanza 2017, kinafika 131 na wastani wake ni 46.5. Sasa rudi kwenye zile namba: wastani wa 24 ulitoa 400, wa 34 ukatoa 378, wa 46.5 ukatoa 270. Spidi si sababu pekee, kuna mambo ya joto na jinsi gari linavyoongeza mwendo, lakini mwelekeo uko wazi hata kwa mtu aliyekimbia hesabu akiwa darasa la sita.

Ugomvi huu ulitoka maabara ukaingia magazetini Februari 2013. Mwandishi wa New York Times, John Broder, alichukua Model S akaiendesha kutoka maeneo ya Washington kwenda Connecticut wakati wa baridi kali, akitegemea vituo viwili vya kuchaji vya Tesla, kimoja Newark huko Delaware na kingine Milford. Safari iliisha gari likiwa juu ya lori la kuvuta. Makala ikatoka, na Elon Musk akawaka. Siku chache baadaye akachapisha rekodi za gari lenyewe: spidi, chaji, joto la ndani, kila kitu. Broder alikuwa ameandika kwamba aliweka mwendo wa maili 54 kwa saa. Rekodi zilionyesha karibu 60. Broder akajibu kwamba pengine tofauti ilitokana na ukubwa wa magurudumu yaliyokuwa yamefungwa. Mhariri wa umma wa gazeti hilo, Margaret Sullivan, akachunguza na kusema mwandishi alikuwa na nia njema ila hakutumia busara njiani, na kumbukumbu zake hazikuwa makini.

Watu wanakumbuka hiyo hadithi kama vita vya Musk na gazeti. Mimi nakumbuka kitu kimoja tu: watu wazima wawili, kila mmoja na ushahidi wake, wanabishana kama gari lilikuwa linakwenda 54 au 60, kwa sababu maili sita hizo zinatosha kuamua kama unafika au unavutwa. Na wote wawili walikuwa na haki ya kujali. Hata spidi unayoisoma kwenye dashibodi si spidi yako halisi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka kipimamwendo kisionyeshe chini ya ukweli kamwe, lakini zinaruhusu kizidishe. Kwa hiyo 110 ya dashibodi mara nyingi ni 105 hivi ya kweli.

Aliyetusaidia zaidi hakutoka serikalini. Ni Bjørn Nyland, Mnorwe mwenye asili ya Thailand, mtu wa YouTube. Alianza kuchukua kila gari la umeme analolipata na kuliendesha kwa njia ile ile: 90, halafu 120, spidi ya GPS na si ya dashibodi. Anakwenda na kurudi njia ile ile ili upepo na milima vijifute. Anaandika joto la hewa na aina ya matairi. Anaweka matokeo yote kwenye jedwali moja ambalo mtu yeyote anaweza kufungua. Hana maabara. Ana subira tu, ambayo kwa kazi hii ni muhimu kuliko rola. Ukitaka kujua kama gari moja ni bora kuliko lingine kwa 120, jedwali lake litakusaidia kuliko lebo.

Jarida la Car and Driver la Marekani nalo linapima kwa maili 75, yaani kilomita 121, kwenda na kurudi. Mwaka 2023 mhariri wake mmoja na mwenzake waliandika utafiti kwa jumuiya ya wahandisi wa magari, SAE, wakilinganisha vipimo vyao na lebo za serikali. Magari ya petroli na dizeli zaidi ya 350 yaliipita lebo kwa asilimia 4 kwa wastani. Magari ya umeme yaliikosa kwa asilimia 12.5. Lebo ya umbali inachanganya mji asilimia 55 na barabara kuu asilimia 45, na kwa gari la umeme mji ndio unaobeba barabara kuu mgongoni. Pendekezo lao ni rahisi: umbali wa mji uandikwe peke yake na wa barabara kuu peke yake. Sijasikia hoja nzuri ya kulikataa.

Na sisi je? Magari haya yameshafika. NopeaRide ilianza teksi za umeme Nairobi mwaka 2018 ikitumia hizo Leaf, na kwa kazi ya mjini hesabu za Kijapani hazikuwa mbali sana. Shida inaanza ukitoka nje ya mji, na kwetu kuna mambo mawili ambayo lebo za Tokyo na Washington hazikuyafikiria.

La kwanza ni zuri. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Hewa nyepesi inakuzuia kidogo. La pili ni mtego. Nairobi hadi Mombasa unashuka karibu mita 1,700. Gari la kilo 1,600 pamoja na dereva likishuka hivyo, mteremko unalipa zawadi ya kama kilowati-saa 7, karibu sehemu ya tano ya betri ya Leaf. Ukipima kwenda tu, utaandika mtandaoni kwamba umepata gari la miujiza. Wakati wa kurudi unalipa yote, na riba. Ukiona mtu anaonyesha matumizi yake ya Nairobi hadi Mombasa bila ya kurudi, mpite tu.

Kwa hiyo ukitaka kupima lako, tafuta kipande cha barabara ambacho unaweza kushika spidi moja kwa nusu saa bila kusumbuliwa na malori. Jaza upepo kwenye matairi asubuhi yakiwa baridi. Tumia spidi ya simu. Nenda, geuka, rudi ulipoanzia. Andika kilomita na andika dashibodi inasema umetumia kilowati-saa ngapi. Ukifika nyumbani chaji mpaka pale ulipokuwa, halafu angalia mita ya tokeni, kila kitu kingine kikiwa kimezimwa. Yuniti moja ya tokeni ni kilowati-saa moja, hakuna mkalimani anayehitajika. Mita itakuwa imekula zaidi ya ile ya dashibodi, kama asilimia 10 hadi 15, kwa sababu kuchaji kwenyewe kunapoteza umeme kama joto. Namba ya mita ndiyo ya pesa. Ya dashibodi ndiyo ya umbali. Watu huzichanganya hizi mbili halafu wanagombana bure.

Tuseme umepata 18 kwa kila kilomita 100 kwenye dashibodi, kwa mwendo wa 100. Betri ya Leaf yako imezeeka, imebaki na asilimia 80, yaani 32 kati ya zile 40. Ukiacha akiba ya asilimia 20 chini, kwa sababu hutaki kuvutwa kama Broder, una 25 na kitu za kutumia. Hiyo ni kilomita 140 hivi. Naivasha unafika. Kwenda na kurudi bila kuchaji, hapana. Sasa rudi kwa yule muuzaji wa yadi na bei yake ya kilomita 400, mkae chini mjadiliane tena.